Siku Wazungu Walipoimba Viatu Vinabana

Juzi mwanangu aliunguza bisi. Alizitia kwenye maikrowevu akaenda zake kucheza, na aliporudi jiko zima lilikuwa moshi mtupu. Nikafungua madirisha, baridi ikaingia, moshi usitoke. Nikachukua chetezo, nikatia kipande cha udi ili nifukuze ile harufu. Wapi! Harufu zote mbili, ya bisi na ya udi, zilikutana koridoni zikapatana, na mimi nikabaki nimesimama na chetezo mkononi, nacheka peke yangu mpaka machozi. Mwanangu akaniuliza kwa Kiingereza chake nina nini. Nikamwambia namkumbuka Bi Shemsa. Hamjui, maskini. Na nyinyi hamumjui, kwa hiyo kaeni vizuri niwahadithie.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Ilford, nyuma ya ile barabara ya maduka, mimi na Baba na Mama na mamdogo Raiya. Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi. Mamdogo alikuwa mdogo wake Mama, miaka yake thelathini na kitu, na kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee wa Kiingereza katika nyumba yao ya wazee. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, wa kuimba akiosha vyombo, wa kunificha nyuma ya mgongo wake Mama anaponitafuta. Nilimpenda, jamani. Nilimpenda mamdogo kuliko nilivyopenda kwenda skuli, na skuli nilikuwa naipenda.

Mamdogo alikuwa akimtaka mtu mmoja tu duniani, na huyo mtu ni Nassor. Nassor alifanya kazi ghalani, Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Kila Jumapili aliivuka London yote kwa treni, eti amekuja kumsalimia Baba. Anakaa na Baba, anakunywa chai, anazungumza siasa za nyumbani, na mamdogo akipita na sinia yeye anaangalia zulia. Hata mimi mtoto nilikuwa najua zulia lile halina kitu cha kuangaliwa namna ile. Yeye anamtaka, mamdogo anamtaka, Baba hana neno. Aliyebaki ni mama yake Nassor, Bi Shemsa, yuko Unguja, na Bi Shemsa alisema kwenye simu kwamba yeye hasemi ndiyo kwa mtu asiyemwona kwa macho yake. Basi akaja.

Kwa desturi mama wa mwanamume hafikii nyumbani kwa anayeposwa. Lakini Nassor alikuwa amepanga chumba kimoja na wenzake watatu, na London ndiyo hiyo, mtu analala panapopatikana. Kwa hiyo Bi Shemsa akafikia kwetu, akapewa chumba changu, mimi nikalala na mamdogo. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, buibui lake la mtindo wa zamani, na harufu ya udi ilikuwa inaingia chumbani kabla yake na inatoka baada yake. Alikuwa anaangalia kila kitu. Namna mamdogo anavyokunja nguo, anavyokata kitunguu, anavyopokea simu. Na hasemi. Mamdogo akapika biriani siku nzima, mkono umeungua, Bi Shemsa akaonja tonge tatu, akasema, "Inalika."

Usiku kitandani mamdogo alikuwa hapati usingizi. "Inalika," ananong'ona gizani. "We mtoto, inalika maana yake nini?" Mimi namjibu kwa Kiingereza kwamba maana yake inaweza kuliwa. "Hayo najua!" ananiambia, na ananigeuzia mgongo.

Wiki mbili zikapita. Ndiyo haikuja, hapana haikuja. Na Bi Shemsa mwenyewe alikuwa haipendi London hata kidogo. Si baridi iliyomkera, ni kimya. Kila tukipanda basi anatazama watu wote wamekaa, kila mtu na gazeti lake, anamwinamia Mama anamuuliza, "Hawa wamefiwa?" Mama anamwambia hapana, ndivyo walivyo. Kesho yake kwenye basi anauliza tena, maana huenda leo wamefiwa kweli.

Halafu Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, akasema, "Nipelekeni sinema." Sote tukamwangalia. Ndipo akatuhadithia, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu, kwamba ujana wake wote ulikuwa sinema. Onyesho la wanawake, mchana, filamu za Kihindi. Hajui neno moja la Kihindi lakini nyimbo zote anazo kichwani. Wanalia, wanapiga makofi, wanamwonya mchezaji kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Wanarudi nyumbani sauti zimekauka. "Sinema ya hapa ipo?" akauliza. Ikawa ipo, mwendo mfupi kwa miguu, jengo kuukuu lililokuwa karibu kufungwa, lililokuwa likionyesha filamu za zamani Jumapili mchana ili lipate chochote. Wanaume wakabaki na chai yao. Tukatoka wanawake watupu: Bi Shemsa, Mama, mamdogo na mimi.

Nje ya sinema palikuwa na bango. Mwanamke wa dhahabu tupu, mikono juu, nyuma yake wanawake wengi wenye manyoya kichwani, na nyuma yao kasri na mlima unaotoa moto. Bi Shemsa akasimama akaliangalia, uso ukamchangamka. "Wacheza ngoma!" akasema. "Hii ya Kihindi." Mama akajaribu kumwambia, "Mama, sidhani kama ni ya Kihindi, hawa..." Bi Shemsa akamkata: "Nyamaza, Salma. Mimi nimeanza kuangalia mabango haya wewe hujazaliwa." Akaingia.

Mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na mamdogo, na mkono ule ghafla ukanibana mpaka nikapiga ukelele. Alikuwa anaangalia bango kama mtu aliyekutana na anayemdai. Akamvuta Mama pembeni, pale kwenye foleni, harufu ya bisi imejaa puani.

"Dada. Mimi nimo humu."

"Umo wapi?"

"Humu. Ndani ya filamu."

"Filamu gani?"

"Hii, Dada! Hii!"

Mamdogo akamwambia upesi upesi, na mimi nikasikia yote kwa sababu watu wazima wa kwetu walidhani ukimjibu mtu kwa Kiingereza basi Kiswahili husikii. Miaka kumi nyuma, alipokuja London kusoma na hana hata nauli, walitafutwa wasichana wa kucheza ngoma katika filamu. Akaenda. Siku tatu, ndani ya bohari lenye baridi, akarudi na pesa za kodi ya chumba. Hakumwambia mtu. Filamu ikatoka, ikachekwa nchi nzima kwa ubaya wake, ikazama, na yeye akashukuru Mungu kwamba imezama. "Umevaa nini humo?" Mama akauliza. Mamdogo akafumba macho. "Manyoya," akasema. "Na nini tena?" "Manyoya, Dada."

Tukaingia. Tungefanya nini? Bi Shemsa alishakaa, safu ya katikati, bakuli la bisi mapajani, anatuita kwa mkono.

Sasa hapo ndipo nilipoona ajabu. Ukumbi ulikuwa umejaa, na waliojaa walikuwa wamevaa kama bango. Wanaume kwa wanawake, manyoya kichwani, dhahabu usoni, magauni ya kumeremeta. Kumbe ile filamu haikuzama. Iliibuka. Ilikuwa mbaya kiasi kwamba watu walianza kuipenda kwa ubaya wake, wakawa wanakuja kuitazama tena na tena, wameihifadhi neno kwa neno. Jirani yake Bi Shemsa alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye masharubu, gauni la dhahabu limemwachia mshono begani. Bi Shemsa akamtazama juu mpaka chini. Mimi nikajikunyata. Akaniambia, "Mwambie ageuke." Nikamwambia. Bwana akageuka. Bi Shemsa akachomoa pini kwenye mtandio wake, akambana lile gauni vizuri, akampiga kofi dogo begani kuonyesha amemaliza. Yule bwana akainama akambusu mkono. "Huyu hana mke," Bi Shemsa akaniambia. "Angekuwa naye asingemwacha atoke na mshono ule."

Taa zikazimwa, filamu ikaanza, na ubaya wake, wenzangu, sijui niuanzie wapi. Kuna kisiwa. Kuna mlima wa moto, ambao mlima wenyewe ni maboksi, unaona kabisa gundi. Mlima hautulii mpaka watu wacheze ngoma. Anakuja shujaa kutoka Ulaya, nywele zake hazitikisiki hata kwenye upepo wa dhoruba, na kila baada ya dakika chache anaangalia mbali anasema, "Mimi siichezi ngoma, ngoma ndiyo inayonicheza mimi." Ukumbi mzima unamtangulia kuyasema. Maboksi yakitikisika wote wanapiga miguu sakafuni, "Mlima! Mlima!" Mtu mmoja katika filamu, mtu wa kale wa kisiwa, ana saa mkononi, na saa ikionekana ukumbi unamuuliza kwa pamoja saa ngapi.

Nilimtazama Bi Shemsa nikitegemea atakasirika. Wala! Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, macho yanang'aa. Watu wanapiga kelele! Watu wanaongea na filamu! Hapa ndipo kwao. Mchawi alipomnyemelea shujaa, Bi Shemsa akasimama, "Nyuma yako, we mpumbavu! Nyuma!" kwa Kiswahili safi, na safu ya mbele ikageuka ikampigia makofi. Akaketi anahema. "Hii si ya Kihindi," akamwambia Mama, "lakini inakwenda vizuri." Mama akaitikia, "Inakwenda, mama." Mamdogo, upande wa pili wangu, alikuwa ameshateremka kwenye kiti mpaka magoti yanagusa kiti cha mbele.

Halafu ikafika ngoma ya makuhani.

Milango ya kasri ikafunguka, wakatoka wasichana wa manyoya, na wa mbele yao, uso wake umejaza ukuta mzima, ni mamdogo. Mamdogo wangu! Kijana, mwembamba, macho yamepakwa wanja mpaka masikioni, amevaa kitu ambacho sijui nikiite nguo au nikiite samahani. Akainua mikono, akafungua mdomo, na chini yake pakaandikwa kwa Kiingereza: Ewe mama wa moto, tupokee. Lakini alichokuwa anaimba, kwa sauti ile ile ya kuoshea vyombo, ni hiki:

"Viatu vinabana, vinabana,
Chai hatujapewa, hatujapewa,
Na huyu mwenye kofia, mwenye kofia,
Mungu amlaze na njaa!"

Baadaye alituambia. Yule mkubwa wa filamu, aliyekuwa akishinda na kofia kichwani, aliwaambia waimbe chochote cha kwao, wimbo wa mababu, hakuna atakayejua. Walikuwa wamesimama tangu asubuhi kwenye viatu vya dhahabu vidogo kuliko miguu yao, chai hawajaiona. Akaimba kilichokuwa moyoni, na wenzake wasiojua Kiswahili wakaitikia vizuri sana.

Na sasa ukumbi mzima ulisimama. Wote, manyoya yote, mikono juu, nyuso zimejaa ibada, wakaimba naye. "Viyatu vinabaana! Chai hatujapiwa!" Wameihifadhi! Wazungu wa Ilford na sijui wametoka wapi wengine, wanamlalamikia Mwenyezi Mungu kwamba viatu vinawabana na chai hawajapewa. "Mungo amulazi na njaya!"

Bi Shemsa alikuwa hajasimama. Aliangalia ukuta. Akageuza shingo pole pole akamwangalia mamdogo. Akaangalia ukuta tena. Mama alikuwa anasoma dua, midomo inacheza. Mamdogo alikuwa amejifunika uso wote kwa mtandio, ameinama karibu kuingia chini ya kiti, na mimi nilielewa vizuri kabisa nini kinapotea. Anapotea Nassor na zulia lake. Nilitaka kulia. Nilitaka ule mlima wa maboksi uanguke uzime filamu.

Bi Shemsa akanipita mimi, akamwinamia mamdogo, akaliondoa lile pindo la mtandio sikioni kwake, akamwambia kitu. Sikukisikia, kelele zilikuwa nyingi. Halafu akamshika kiwiko akamwinua, wakasimama wote wawili. Wimbo ukarudia, ukumbi ukafika kwenye "njaya", na Bi Shemsa akapaza sauti kuliko wote: "Njaa! Njaa! Hapana 'ya' hapo!" Safu mbili za mbele zikajirekebisha papo hapo, "Njaaa!" Kisha akaweka kiganja mdomoni akapiga kigelegele.

Nyie, kigelegele! Kirefu, chembamba, cha juu, kikapita juu ya muziki na juu ya mlima. Mama akaruka akakipokea, analia na kupiga vigelegele kwa wakati mmoja, na mimi nikadhani analia kwa aibu. Ukumbi wote ukageuka kutuangalia. Yule bwana wa masharubu akamtazama mamdogo, akatazama ukuta, akamtazama tena, akashika kifua. "Ni yeye!" akapiga kelele. "Kuhani! Ni yeye!" Basi ikawa vurugu ya furaha ambayo sijaiona tena. Watu wanapanda viti kumwona, wanamrushia manyoya, wanajaribu kupiga vigelegele na wao, wanatoa sauti za kuku. Mamdogo alisimama katikati, anacheka huku kamasi zinamtoka, akainua mikono juu kama ukutani, na ukumbi ukataka kubomoka.

Bwana wa masharubu akaniinamia kuniuliza, kwa heshima kubwa, yale maneno matakatifu yana maana gani. Nikamweleza. Alikaa kitini kwanza. Halafu akacheka mpaka sharubu moja likabanduka.

Tulirudi nyumbani manyoya yametujaa vichwani. Baba alitufungulia mlango, Nassor yuko nyuma yake, akauliza filamu ilikuwaje. "Mbaya," Bi Shemsa akasema, anavua viatu. "Tangu nizaliwe sijaona filamu mbaya kama ile. Jumapili ijayo tunakwenda tena." Akapita jikoni, akamwambia mamdogo amtilie biriani iliyobaki, na mara hii alikula sahani nzima. Harusi ilifungwa kabla ya baridi kuisha. Mimi nilidhani Bi Shemsa alikubali kwa sababu ya sinema, kwamba alifurahi sana siku ile, na mtu akifurahi hutoa. Niliamini hivyo miaka mingi.

Nilikuja kuelewa nilipoposwa mimi. Wanaume walikuwa chumba cha mbele na Baba, sisi wanawake tuko jikoni kimya, hakuna anayegusa hata kijiko. Sikujua kinachosubiriwa. Halafu Baba akatoa kauli yake kule ndani, na shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni, kabla hajatuambia neno lolote, akaweka kiganja mdomoni. Nyumba nzima ikaripuka. Nikasimama pale, kwa sababu kigelegele kile nilishawahi kukisikia, na siku ile hakikuwa cha filamu. Kwetu mwanamke mzima hakipigi ovyo. Kilikuwa jibu.

Nikamfuata mamdogo kwenye ngazi, mjamzito wa mtoto wake wa tatu, amekaa anajipepea. Nikamuuliza, "Mamdogo, kumbe wewe uliposwa mle ndani ya sinema?"

"Ulidhani wapi?" akanijibu. "Mbele ya wanaume waliovaa magauni."

"Na alikwambia nini? Sikioni, kabla hajakuinua?"

Mamdogo akaacha kujipepea. Bi Shemsa tulikuwa tumeshamzika mwaka ule.

"Aliniambia, 'Inuka. Mke wa mwanangu hafichi uso.'"